Sindano Zilizoganda

Sindano zote kumi na mbili ziliganda kabla hata ya moja kuchomwa, na aliyezigandisha ni mume mwenyewe.

Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa muuza nyama, miaka ishirini na sita mbele ya gogo la kukatia, na mtaa mzima walimwita Paja kwa sababu ndiyo sehemu ya ng'ombe aliyoisifia kuliko zote. Shule aliiacha darasa la tano. Mkewe alifundisha hesabu sekondari, na kila mtu, Paja mwenyewe akiwemo, alimwita Mwalimu. Watu waliwatania: mmoja anagawanya kwa kalamu, mwingine kwa shoka. Walikuwa wameoana miaka kumi na minne, na nyumba ilikuwa na watu wawili vilevile kama siku ya kwanza.

Mwalimu alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kliniki waliyokwenda, ya watu binafsi, ilikuwa na sheria yake: mwanamke akitimiza arobaini na miwili, mayai yake mwenyewe hawayachukui tena. Daktari alihesabu miezi iliyobaki akawaambia wana nafasi mbili. Mbili tu, na hapo ni kama hakuna kitakachoenda kombo. Kila nafasi ilianza na boksi la sindano za kuamsha mayai, za kuchomwa tumboni nyumbani, kila siku saa ileile.

"Hizi zinataka baridi," sista aliwaambia siku walipopewa boksi. Alikuwa mama mnene, mwenye kumwita kila mtu mwanangu, hata waliomzidi umri. "Mlangoni mwa friji, basi. Zisipate joto, wanangu."

Karatasi ya maelezo ndani ya boksi ilikuwa ndefu kama shuka. Mwalimu aliisoma yote. Paja aliikunjua, akaona maandishi yamebanana kama sisimizi, akaikunja tena. Neno lililomkaa kichwani ni baridi.

Jumanne, siku moja kabla ya sindano ya kwanza, umeme ulikatika asubuhi. Saa saba mchana Paja alipita nyumbani kula. Mwalimu alikuwa kazini. Paja alifungua friji kutafuta maji, akahisi hewa ya uvuguvugu inamjia usoni. Alishika boksi la dawa. Halikuwa na baridi.

Sasa, mtu mwingine angefunga mlango wa friji akangoja umeme. Paja alikuwa muuza nyama. Kwake, kitu kilichopoteza baridi ni kitu kilichoanza kuoza, na mwenye akili hangoji kinuke. Bucha lilikuwa na jenereta na friza inayogandisha robo ya ng'ombe kwa siku moja. Aliweka boksi kwenye mfuko wenye barafu, akakimbia nalo bucha kwake, akalizamisha kwenye friza chini kabisa, chini ya maini. Akapumua. Katika kazi yake hakuwahi kuona baridi ikizidi.

Saa kumi umeme ulirudi. Alikwenda kulichukua boksi, akakuta sindano zimekuwa ngumu kama misumari. Dawa ndani ya kila bomba ilikuwa nyeupe, imeganda.

Hapo moyo ulimpiga kidogo. Lakini alijiambia nyama nayo huganda, ikayeyuka, ikapikwa, ikalika. Aliziweka moja moja kati ya viganja vyake hadi zote zikayeyuka. Aliziinua kwenye mwanga wa taa: safi, hazina hata chembe. Mwalimu aliporudi alikuta boksi liko mlangoni mwa friji, kama alivyoliacha asubuhi.

"Umeme ulikatika?" aliuliza.

"Kidogo tu."

Hakuona kilichohitaji kusemwa.

Jumatano saa kumi na mbili jioni walianza. Mchomaji alikuwa Paja, maana Mwalimu alisema mkono unaojua kupita kati ya nyama na mfupa bila kugusa upande wowote hautashindwa na tumbo la mke. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akapandisha blauzi, akabana mkunjo wa ngozi chini ya kitovu. Paja alichoma, akahesabu hadi kumi, akachomoa. Kwenye mlango wa friji Mwalimu alibandika karatasi yenye vyumba kumi na viwili, na baada ya kila sindano aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Jumatano vema. Alhamisi vema. Ijumaa vema.

Jumamosi asubuhi Paja aliingia duka la dawa kununua pamba. Mwuzaji alikuwa mteja wake wa mbavu.

"Nikuulize kitu," Paja alisema, kama mtu anayepitisha muda. "Dawa ya sindano ikiganda kwenye friza, halafu ikayeyuka, inafaa?"

"Dawa ya nani?"

"Ya ng'ombe. Ya jamaa yangu mmoja."

"Ng'ombe wana daktari wao."

"Nakuuliza wewe. Hilo koti jeupe umevaa kwa ajili ya nini?"

Mwuzaji alicheka. "Haya. Zile zinazotakiwa kukaa friji, nyingi zikiganda zimekufa. Hata zikiyeyuka zikang'aa, ni maji tu. Mwambie jamaa yako atupe."

"Na kama ameshaanza kumchoma?"

"Ng'ombe hatakufa. Ila anachomwa bure."

Paja alilipia pamba, akaiacha juu ya kaunta, akaitwa kuirudia.

Siku nzima alikata nyama vibaya. Mteja mmoja aliagiza nyama laini akapewa mfupa, akauliza kama leo wanauza supu. Paja alipiga moyo konde: jioni atasema. Alipanga na maneno. Lakini alipoingia jikoni Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti, blauzi juu, anachekelea peke yake.

"Nimepiga hesabu," alisema. "Ikishika, nitajifungua wakati wa likizo. Hata ruhusa sihitaji kuomba."

Maneno ya Paja yalitawanyika. Alichukua sindano.

"Mkono wako unatetemeka. Umekunywa?"

"Nimekata mifupa tangu asubuhi."

"Basi mimi unikate taratibu. Mimi si mbavu."

Alichoma. Alihesabu hadi kumi. Mwalimu aliinuka, akaweka vema ya nne, akasema, "Mwanafunzi anaendelea vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza Paja kumchoma mkewe akijua. Usiku huo alijitetea kimoyomoyo. Yule ni mwuza dawa tu, si daktari. Tena alisema nyingi, hakusema zote. Akisema sasa, nafasi moja imekwenda na maji, na atakayekuwa ameipoteza ni yeye. Asiposema, huenda dawa ina nguvu iliyobaki, na huenda hiyo inatosha. Akaikumbatia hiyo huenda kama mtoto.

Jumapili alichoma. Jumatatu alichoma.

"Tumbo langu mbona limetulia?" Mwalimu alisema Jumatatu, akijibonyeza. "Dada mmoja niliyemkuta kliniki alisema kwake siku ya tano sketi ilikataa kufunga."

"Miili haifanani."

"Ndiyo. Wengine ni shamba, wengine ni lami."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Nasema mwenyewe kabla sijaambiwa."

Jumanne walikwenda kupimwa. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya bluu vilivyopangwa kuangalia ukuta, ili watu wasiangaliane. Televisheni ilionyesha mpira bila sauti. Wanawake saba walikaa na bahasha zao mapajani, kila mmoja akisoma simu isiyokuwa na ujumbe. Waume walikuwa watatu. Mmoja alikuwa akitingisha goti hadi kiti cha Paja kikatetemeka pia, na Paja hakuwa na ubavu wa kumwambia aache.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani. Alizungusha kipimo, macho yake kwenye kioo.

"Kulia naona kifuko kimoja cha yai kinakua," alisema. "Kushoto..." Alizungusha tena. "Kushoto kumelala."

"Kwa kawaida vinakuwa vingapi siku hii?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa umri wako ningefurahi na sita. Hata vinne."

Mwalimu alikuwa amelala chali, miguu juu, akitazama dari. Paja alisimama kichwani pake.

"Dawa mnachoma kila siku?" daktari aliuliza.

"Saa kumi na mbili. Haipiti hata dakika," alisema Mwalimu.

"Na zinakaa kwenye friji?"

"Mlangoni, kama tulivyoambiwa."

Daktari alimgeukia Paja, kwa kuwa ndiye mchomaji. "Hazijapata tatizo lolote?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Kilichotakiwa ni neno moja tu.

"Hapana," alisema.

Daktari aliandika. Alisema waongeze: zilizobaki wachome mbili mbili kwa siku tatu, halafu warudi Ijumaa.

Basi Jumanne alichoma mbili, moja kila upande wa kitovu. Jumatano mbili. Tumbo la Mwalimu lilianza kuwa na madoa ya zambarau, na Paja alilazimika kutafuta sehemu nzima ya kuchoma. Mwalimu hakuchekelea tena. Aliweka vema zake mbili na kwenda kulala akiwa na nguo za kazini.

Alhamisi alikuja dada yake Mwalimu, shemeji yake Paja, fundi wa kushona pazia, mwanamke aliyezoea kusema kilichoko kichwani kabla hakijafika mdomoni. Alikuta wanamaliza sindano za mwisho.

"Shemeji, hii ni dawa gani?" alisema. "Anayechomwa ni mdogo wangu, anayekonda ni wewe."

Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini shemeji alipotoka kuanua kanga yake aliyoianika uani, alimwita Paja amsaidie, na kanga yenyewe haikuwa imelowa hata kidogo.

"Una mwanamke?" alimuuliza.

"Mwanamke gani?"

"Mwanamume asiyekula siku tano, akiitwa anaruka kama kapigwa na umeme, ama anadaiwa ama ana mtu. Deni huna, nakujua. Mdogo wangu anatobolewa kama chujio humo ndani, halafu wewe una mtu?"

"Sina mtu, shemeji."

"Basi una nini?"

Paja alimtazama. Ilikuwa hapo hapo, kwenye ncha ya ulimi. Ila kumwambia shemeji kabla ya mwenyewe nako kulikuwa ni kosa juu ya kosa.

"Nina usingizi," alisema.

"Kalale, basi. Kesho nakuja naye kliniki, na nitakuwa nakuangalia."

Ijumaa kipimo hakikuchukua hata dakika tatu. Kushoto kumelala vilevile. Kulia, kile kifuko kimoja kilikuwa kimepasuka chenyewe kabla ya wakati. Hapakuwa na cha kutoa.

Waliitwa ofisini. Shemeji alibaki nje. Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mwalimu, nitasema wazi kwa kuwa wewe ni mtu wa kuambiwa wazi. Tumekupa dawa nyingi na mwili haukujibu. Si kwamba umejibu kidogo, haukujibu kabisa. Hii hutuambia akiba ya mayai imekwisha. Kurudia vilevile ni kukutesa. Iko njia nyingine: yai la mwanamke mwingine, mbegu ya mumeo, mimba ubebe wewe."

Alisogeza fomu mezani. "Hii ni ya kukubali kuachana na mayai yako na kuingia kwenye orodha ya kungojea. Si lazima leo. Mnaweza kwenda nayo nyumbani."

"Nikitoka nayo hapa sitairudisha," alisema Mwalimu. "Najijua. Nipe kalamu."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria miaka kumi na minne, daktari." Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya darasani. "Wanafunzi wangu wakifeli huwaambia wasilaumu mtihani. Mtihani ulikuwa sawa. Mimi ndiye nimefeli. Nipe kalamu."

Akamgeukia Paja. "Na wewe, asante. Mkono wako haukukosea hata siku moja."

Alipewa kalamu. Aliandika jina lake juu ya fomu, herufi za mwalimu, zimesimama wima. Akaandika umri wake. Akashuka hadi mstari wa sahihi.

"Ziliganda," alisema Paja.

Kalamu ilisimama.

"Nini?"

"Sindano. Ziliganda. Umeme ulikatika, nikazipeleka kwenye friza ya bucha. Nikazitoa zimekuwa mawe. Nikaziyeyusha, nikazirudisha. Mayai yako hayana kosa, Mwalimu. Hayajapata dawa."

Daktari aliegemea kiti. Nje mtu aliita namba, na viatu vikapita.

"Siku gani?" Mwalimu aliuliza. Hakupaza sauti. Hilo lilimtisha Paja kuliko kama angepiga kelele.

"Jumanne ile."

"Kabla ya sindano ya kwanza."

"Kabla."

"Kwa hiyo zote kumi na mbili."

"Zote."

Aliweka kalamu chini, akainyoosha ikalingana na ukingo wa meza. "Ulijua lini kuwa zikiganda zimekufa?"

Hili ndilo swali Paja aliloliogopa, na alikuwa ameombea asiulizwe. Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana. Hakuna aliyemwona dukani zaidi ya mwuza dawa.

"Jumamosi," alisema. "Asubuhi."

Aliona midomo ya mkewe ikitembea bila sauti. Alikuwa anahesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Halafu zilizobaki.

"Tatu hukujua," alisema Mwalimu. "Tisa ulijua."

"Mwalimu..."

"Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mara tisa umenitoboa ukijua ni maji. Na mimi nakupa tumbo. Jumamosi nilikuambia kuhusu likizo. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Jumanne nilikuuliza mimi," daktari alisema polepole. "Kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

Daktari alivuta fomu kutoka mbele ya Mwalimu, akaichana mara mbili, akaitia kwenye kapu la taka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mikono yake kuonekana ina hasira. "Basi kila nilichokuambia leo, Mwalimu, kifute. Sijui lolote kuhusu mayai yako. Yanaweza kuwa yamekwisha, yanaweza kuwa yapo. Hatujapima kitu hapa isipokuwa maji." Akamtazama Paja. "Ungeziacha kwenye friji hiyo hiyo iliyozimwa, kwa mchana mmoja, zisingedhurika. Zinavumilia joto la kawaida la nyumba. Zisichovumilia ni barafu."

Paja alikubali kwa kichwa.

"Tunaanza upya lini?" Mwalimu alimuuliza daktari. Mume alikuwa kama hayumo chumbani.

"Mwili upumzike. Miezi mitatu. Halafu vipimo vya damu upya, halafu dawa mpya."

"Nitakuwa nimebakiza mwezi mmoja na wiki mbili kufika arobaini na miwili."

"Itakuwa moja. Moja inawezekana. Ya pili haitapata muda."

"Moja," alirudia Mwalimu. Alichukua mkoba wake, akafungua mlango, akamwambia dada yake aliyekuwa amesimama hapo hapo nje, "Twende kwako."

"Kuna nini? Ana mtu?"

"Hana mtu. Afadhali angekuwa naye."

Shemeji alimtazama Paja kwa macho ya kuomba aelezwe. Alimshika mdogo wake mkono wakaenda. Sista aliyekuwa kaunta alimwuliza Paja, "Mwanangu, mbona umebaki peke yako?" Paja akaketi kwenye kiti cha bluu, uso ukutani.

Baadaye nyumbani aliitoa karatasi ya vyumba kumi na viwili mlangoni mwa friji. Akaikunja, akaiweka kwenye droo. Mwalimu aliporudi hakuiulizia. Alirudi akiwa na begi moja kati ya mawili ambayo dada yake alikuja kumchukulia, wakaanza kusalimiana asubuhi, wakala meza moja. Dawa mpya zilipofika wakati wake, hazikuingia nyumbani hata siku moja. Zilikaa kliniki kwenye friji yenye kufuli, na kila jioni sista ndiye aliyechoma. Paja aliendesha gari kumpeleka, akangoja nje, akamrudisha.

Gharama ya friza ile ni hii. Sindano kumi na mbili: tatu za ujinga, tisa za woga. Madoa kumi na mawili tumboni. Kutolewa damu upya mara nne kwa vipimo. Miezi mitatu. Nafasi moja kati ya mbili. Siku ishirini na mbili ambazo Mwalimu alilala kwa dada yake.